Hisa Yangu Imepakana na Nani

Bwana asifiwe! Hapana, itikieni kama watu wamekunywa chai. Mimi nimetoka Kitale asubuhi. Bwana asifiwe tena!

Asanteni, kina mama wa chama cha akiba. Mwenyekiti wenu ameniita hapa Bungoma ati niwaonye muogope hisa na mikopo. Ndugu zangu, nawaambia mapema, hiyo sitafanya. Nilianguka, ndiyo, na nitawaeleza vile nilianguka. Lakini sikuja kulia hapa mbele, na sitaomba mtu msamaha kwa sababu nilitaka nyumba za kupangisha.

Si mnakumbuka ile miaka ya hisa, foleni ya benki inafika mpaka barabarani? Mimi nashona uniform za shule Kitale mjini, na kila mteja alikuwa na hadithi moja: kampuni kubwa inauzia wananchi hisa, nunua sasa, uza ikipanda, ujenge. Mume wangu alikuwa ameshafariki. Nilikuwa na ploti Matisi, kona ya shamba la mama yangu aliyonigawia, na nyumba ya mabati ambayo tulikuwa tunaishi na watoto. Hatuna kwingine. Nikachukua hati ya hiyo ploti, nikapeleka benki, nikakopa.

Nikamwambia mama. Sasa mjue, wazazi wangu walitoka kule mkoa wa Kati wakaja Trans-Nzoia na ile kampuni ya kununua mashamba. Kwa mama, hisa ni udongo. Unalipa hisa yako, unaonyeshwa mawe ya mpaka, unasalimia jirani. Kwa hivyo akaniuliza, "Hiyo hisa yako imepakana na ya nani?"

Nilicheka mpaka nikashika meza. "Mama, hii haina mpaka. Iko kwa kompyuta Nairobi."

"Na haina jirani?"

"Haina."

Akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Haya. Watu waliomba hisa wengi mno, nikapewa kidogo. Pesa zilizobaki zikarudi, tena kwa kuchelewa, na riba inatembea. Mtu mwingine angezirudisha benki siku hiyo hiyo. Mimi nikaita fundi wa mawe, tukachimba msingi wa vyumba vinne. Nilijua hisa zikipanda zitamaliza kuta. Zikapanda kidogo, nikasema ngoja. Halafu zikaanza kushuka, na zikaendelea kushuka.

Msingi ukabaki hivyo. Mvua ikanyesha, mama akapanda sukuma wiki ndani ya vyumba vyangu. Vijana wa Matisi wakanipa jina. "Niaje Mama Hisa! Bedroom imeota?" Nawaambia ukweli, iliniuma. Nilikuwa nazunguka nyuma ya soko ndio nisikutane nao.

Mkopo ukanishinda, benki ikasema ploti itapigwa mnada. Hapo ndipo shemeji yangu mmoja alikuja kutoka huku Bungoma. Jina sitasema, na tafadhali msigeuke kuangalia nyuma. Akakaa kwa kiti changu, akaniambia kwa ile lafudhi yake, "Shemeji, niuzie hiyo proti kwa bei ya kifamiria, utoke na heshima. Mwanamke na mambo ya hisa, wapi na wapi?" Bei aliyosema, bana, hata mabati ya nyumba hainunui. Nikamwambia chai iko, ploti hakuna.

Akaenda. Nikafunga mlango, nikalia. Baadaye nikaenda kwa mama nikiwa na macho mekundu. Unajua aliniuliza nini?

"Imepakana na nani?"

"Mama, achana na hiyo hisa!"

"Siulizi ya Nairobi. Nauliza ya Matisi."

Akanishika mkono, tukaenda kwa majirani. Kona yangu iko ndani, nyuma ya majirani wawili, mzee wa ng'ombe za maziwa na mama wa kuuza githeri. Wote waliuziwa na mama yangu. Njia ya kuingia kwangu inapita kwao, na haikuwahi kuchorwa kwenye ramani. Ilikuwa ya mdomo tu. Mama akawaambia, "Hii njia niliwaomba. Leo nimekuja kuomba tena."

Mzee wa maziwa akasema, "Njia ni yako na mtoto wako. Mgeni tutaongea naye."

Siku ya mnada dalali akaja na kengele, nyuma yake wanunuzi, na kati ya wanunuzi, shemeji yangu na koti jipya! Lakini njiani palikuwa na ng'ombe, amesimama kukingama, na mzee ameshika kamba.

"Karibuni," mzee akasema. "Lakini hapa ni kwangu. Nani amewaalika?"

Mnunuzi mmoja akauliza, "Kwani njia ya ploti ni gani?"

Mama wa githeri akajibu, "Hakuna. Ukinunua, utaingia na ndege."

Dalali akafungua ramani, akaigeuza, akaigeuza tena. Njia hakuna. Shemeji akasogea. "Mzee, lakini mimi ni wa familia."

"Wewe ndiye hupiti kabisa."

Kengele ililia, mkono haukuinuka hata mmoja. Wakajaribu tena mwezi mwingine, ng'ombe akawa hapo hapo. Mwishowe benki yenyewe ikaniita, tukakaa chini, tukakubaliana nilipe kidogo kidogo. Nimeshona, ndugu zangu, mpaka vidole vikawa na sugu. Nimelipa yote. Hati ninayo. Sukuma imeng'olewa, vyumba vinne vina wapangaji, na zile hisa sijauza hata moja. Zikipanda sawa, zisipopanda zikae.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu niliyemcheka. Nawashukuru wale majirani wawili, na ng'ombe pia. Na nyinyi, kopeni, nunueni, jengeni. Lakini kabla ya kuweka sahihi, jiulize hilo swali la mama. Umepakana na nani? Siku ikiharibika, nani atasimama njiani?

Na wewe shemeji, naona umeinamisha kofia. Sina kinyongo. Karibu Matisi unywe chai. Njia iko, lakini uanze kwa kubisha kwa mzee.