Glavu Aliyoivua Vera Nafuna

Mama, shemeji yetu Ongom, wajomba mliosafiri kutoka Bungoma, majirani wa Kasubi na wenzake marehemu wa kazini, mimi ni Saverio Makokha, kaka yake mkubwa, familia imenipa karatasi hii niwasomee, nami naomba mnivumilie, kwa sababu kuna mahali nimeongeza maneno ambayo kikao cha ukoo hakikuyaandika.

Marehemu Vera Nafuna Makokha alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Bungoma, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Makokha na mama yetu mnayemwona hapa, na mwaka 1988, vita vilipokwisha na biashara ikafunguka, baba alituhamishia Kampala, akafungua duka la vipuri vya baiskeli hapa Kasubi, Vera akaingia darasa la saba bila kujua neno la Kiganda, na muhula haujaisha akawa anabishana kwa Kiganda na wauza nyanya wa soko la Kalerwe, tena anawashinda. Alimaliza sekondari mwaka 1994, akahitimu shahada ya biokemia Oktoba 1998 na ya pili mwaka 2002, akaajiriwa na maabara moja ya utafiti hapa mjini. Tarehe 15 Desemba 2001 alifunga ndoa na ndugu Ongom, wakajaliwa Moreen mwaka 2003 na Ochan mwaka 2006.

Kazi yake wengi hatukuielewa, mimi nikiwa wa kwanza. Alisema ndani ya kila seli ya mwili kuna maelfu ya jumbe ziitwazo RNA, nyuzi za herufi zinazobeba maagizo, na kuna protini ambazo kazi yake ni kushika ujumbe fulani na kuuacha mwingine, na swali lake la miaka tisa lilikuwa hili, protini inaujuaje ujumbe wake katika msongamano ule. Wengi walisema inasoma herufi chache tu, lakini Vera aliona herufi zilezile zimo hata kwenye jumbe ambazo protini yake inazipita bila kuzigusa, akashuku kwamba inatambua pia jinsi uzi ulivyojikunja kuwa kitanzi, akamwambia mama kwamba pale Kalerwe wanawake hamsini wamevaa gomesi, gauni lilelile la mikono iliyochongoka, lakini yeye Vera atamtambua mama kwa mwendo. Mama alicheka, akasema basi hiyo protini ina macho kumshinda Saverio.

Sasa nafika nilipoongeza. Jumanne tarehe 18 Oktoba 2011 nilitoka kumzika shangazi yetu Bungoma, nikapitiliza hadi maabara kumpa salamu za msiba, na kwetu anayetoka kuzika hupokewa kwa mkono, ngozi kwa ngozi. Vera alikuja mlangoni na glavu mikononi, akainamisha kichwa kwa heshima, akaniomba nisubiri nusu saa, nami huyu mwenye hasira za karibu nikamwambia mbele ya wenzake kwamba amekuwa Mzungu, ananiona mchafu. Akaivua glavu, akanipa mkono. Ilikuwa jozi ya mwisho, boksi jipya lilikuwa limekwama mpakani Malaba, na sampuli aliyoihangaikia miezi kumi na moja ilikuwa imeshatolewa kwenye barafu, haingojei mtu, na glavu iliyovuliwa haivaliwi tena, kwa hiyo alinawa, akarudi kazini mkono huo ukiwa mtupu. Jamani, mimi ningejuaje kwamba ngozi ya kila mtu ina kimeng'enya kinachokula RNA, na sabuni haikimalizi? Baada ya siku mbili picha ya kipimo ilionyesha ukungu mahali palipotakiwa kuwa na mistari, yaani RNA yote ilikuwa imeliwa, mradi ukafungwa Desemba hiyohiyo, naye akapangiwa kupima sampuli za watu wengine.

Hakuniambia. Miaka yote iliyofuata nilisema vikaoni, nanyi mlinisikia, kwamba Vera amesoma sana lakini hana cha kuonyesha, naye aliniwekea chai. Mwaka 2015 watafiti wa nchi nyingine walichapisha majibu kuhusu protini ileile, kwamba ni kitanzi, kama alivyoshuku, akaisoma makala yao hadi mwisho, kisha akaenda kuwachukua watoto shuleni.

Februari 2018 aligundulika ana saratani ya tumbo, akatibiwa kwa mwaka na zaidi, na mwezi uliopita Safinah, msaidizi wake wa maabara, alinisimulia haya yote kwenye benchi la hospitali, akidhani nayajua siku nyingi. Nilirudi wodini nimekusudia kumwomba msamaha, ole wangu, nikaishia kumuuliza kama anataka uji. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2019, saa kumi na moja jioni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi hapa, na wenzake wa kazini, hasa Safinah. Moreen na Ochan, mmekua mkinisikia nikimdharau mama yenu, leo nayafuta maneno yangu mbele ya watu wote hawa, mama yenu alikuwa sahihi, jina lake halimo kwenye makala ile ya kitanzi kwa sababu yangu mimi.

Nafuna, nisamehe. Pumzika kwa amani, mdogo wangu.