Jina Lake Lilikuwa kwenye Noti Zetu: Kumuaga Bwana Bohumil Kratina

Tarehe 31 Julai 1935, Bwana Bohumil Kratina, keshia wa Benki ya Taifa ya Novina, atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Mwezi huu huu, kwa amri ya Washington, noti zenye jina la mji wetu zinakoma kuchapishwa. Wapo wanaosema mambo haya mawili yamekutana kwa bahati tu. Mimi niliyekaa dirisha la pili, kando yake, tangu nilipomaliza shule, sibishani na mtu. Nasikitika tu.

Wageni wa leo kutoka Omaha wasidanganyike na neno keshia. Mwenyekiti wa benki alikuwa na moshi wa sigara na kiti cha ngozi, lakini kwetu Novina keshia ndiye benki. Bwana Kratina alichukuliwa mwaka 1897 kutoka duka la mbegu la mjomba wake, ambako kazi yake ilikuwa kuandika bei kwenye vibao. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba watu walinunua hata mbegu za figili wasizozihitaji. Bwana Alonzo Pettibone, mwenyekiti wetu wa kwanza, aliviona vibao vile akasema mtu huyu anafaa kuandika kwenye pesa.

Na aliandika kwelikweli. Siku hizo noti zetu zilikuja kwa posta, nne nne katika karatasi moja, nzuri lakini hazina thamani hata ya kununulia kiberiti mpaka watie sahihi keshia na mwenyekiti. Bwana Pettibone, Mungu amrehemu, alitia yake mbio mbio, kama kuku anayechakura takataka. Bwana Kratina hakuwa na haraka. Alikunja mikono ya shati, akaandika jina lake kwa ukamilifu, na mkia wa ile K akaupitisha chini ya jina lote. Karatasi zikishakauka alizipeleka nyumbani, na mkewe Ruzena akazikata kwa mkasi juu ya meza ya jikoni, ile ile aliyokandia unga wa kolachi, maandazi yetu ya jamu. Ndiyo maana kuna wakati tulikuwa na noti ya dola kumi yenye alama ya jamu ya plamu. Ilizunguka mjini miaka kadhaa, na kila aliyeipata aliinusa kwanza. Ruzena hatunaye tena, na sijui noti ile iliishia wapi.

Ni vigumu kuwaeleza vijana jinsi sahihi ile ilivyoaminiwa. Kabla ya Vita Kuu, mchuuzi mmoja wa pampu alipewa noti yetu pale baa, akaishika kwa ncha za vidole na kuuliza kama inapokelewa nje ya Novina.

"Unaona jina hilo?" akaulizwa na mwenye baa. "Huyo ni Bohumil. Anakaa nyuma ya kanisa. Ukikataliwa, nenda kagonge, atakulipa mwenyewe."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa letu sote, Wacheki wa Novina. Tulidhani noti ile ni ahadi ya Bohumil Kratina, mtu na jirani yetu. Kumbe nyuma yake zilikaa hati za dhamana zilizowekwa Washington, na hata benki ingekufa noti ingelipwa na serikali mpaka senti ya mwisho. Alitueleza mara nyingi. Tulimwitikia kwa heshima, tukaendelea kuamini tunachokiamini. Mwaka 1929 zilipokuja noti ndogo zenye sahihi iliyokwisha kuchapwa na mashine, wazee walizirudisha dirishani. "Hii mkono wako haujaigusa," walimwambia. Naye, bila kucheka, alichovya kalamu akaandika jina lake juu ya jina lake.

Kamati ya sherehe ilitaka katika ukurasa huu iwepo sentensi isemayo kwamba Februari 1933 Bwana Kratina aliiokoa benki. Niliiandika. Yeye alipoisoma rasimu aliifuta, akanirudishia. Basi nitasimulia ilivyokuwa, kwa ruhusa yake.

Benki ya mji jirani ilikuwa imefungwa Jumatatu. Jumanne asubuhi barabara yetu ilijaa mikokoteni na magari, na watu wamepanga foleni kwenye theluji mpaka kwa kinyozi. Bi Bozena Pesek, mjane, alikuwa wa mbele. Nilipomhesabia noti za benki kuu ya Kansas City alizisukuma zikarudi.

"Mwanangu, hawa siwajui. Nipe zenye jina la Bohumil."

"Bibi, zote ni pesa."

"Ya kwako ni pesa. Yangu ni Bohumil."

Nikampa anazotaka, akazitia kifuani akaenda zake. Wa nyuma yake alikuwa Matej Dolezal, ndugu yake Ruzena, mpiga tuba wa bendi yetu na mcheshi asiyemwacha mtu. Matej alikuwa ameuza nyumbu na mahindi yote ili akomboe shamba lake la mashariki lililokuwa rehani, na pesa ile yote ilikuwa kwetu. Bwana Kratina alitoka ofisini, akamshika bega mbele ya watu wote.

"Shemeji, ukitoa wewe, watatoa wote. Ziache."

"Unasema wewe?"

"Nasema mimi."

"Dada yangu alikuvumilia miaka yote ile," Matej akasema, na watu wakacheka, "basi na mimi nitakuvumilia wiki moja." Akavaa kofia yake, akatoka mlangoni, akawaambia waliokuwa kwenye foleni kwamba yeye amekwisha kuziacha, na aliye mwoga kuliko Matej Dolezal apite mbele aonekane. Foleni ikayeyuka kabla ya chakula cha mchana. Aliyeiokoa benki, mkitaka kujua, ni huyo.

Wiki iliyofuata rais mpya alifunga benki zote za nchi. Nyingine zilifunguliwa upesi. Ya kwetu ililetewa msimamizi wa serikali, na ikafunguliwa majira ya joto kwa sharti kwamba kila mwenye amana aisamehe nusu yake. Bwana Kratina hakuwa na njia ya kulijua hilo mapema. Mikopo mibaya ilitolewa na wakubwa kwa marafiki zao, nje ya macho yake. Naye alipoteza nusu kama wengine. Lakini Bi Pesek, aliyetoka na noti kifuani, hakupoteza kitu. Walioamini kalamu ya Bohumil Kratina walipata chao chote. Walioamini mdomo wake walipata nusu, na nusu haikutosha kukomboa shamba la mashariki.

Nilikuwepo Matej alipokuja kuchukua kilichobaki. Hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alikunja noti zake akamtazama shemeji yake.

"Ahadi yako ningalikuomba uiandike," alisema.

Tangu siku hiyo hawajasemezana. Shamba lina mwenyewe mwingine, na bendi inafanya mazoezi siku mbili tofauti, tuba ya Matej siku yake na klarineti ya Bwana Kratina siku yake, jambo ambalo kila mwenye masikio amelitambua. Wenzetu kadhaa waliopoteza amana wamesema hawatakuja leo. Siwalaumu. Ahadi ni deni, na deni la namna hii halina dirisha la kulipia.

Yapo mengine ya kumsifu, na ni haki yasemwe. Alimfundisha kazi kila karani aliyepita hapa, nami nikiwemo, na hakumfokea yeyote mbele ya mteja. Alikaa na wakulima mpaka waelewe wanachokitia sahihi, wakati mwingine akawashauri wasitie. Ile sahihi yake nzuri watoto wa shule wameiiga ubaoni vizazi viwili. Jumatano iliyopita alifungasha karatasi za mwisho za noti zetu ambazo hazikutumika, zirudishwe Washington zikateketezwe. Alizifunga kwa kamba, akaomba nimpelekee posta.

Kamati ilimuuliza apewe saa ya dhahabu au kiti cha kubembea. Alivikataa vyote viwili. Alichoomba ni nafasi katika karatasi hii mliyoishika, na chupa ya wino. Mtaona hapa chini kuna mistari miwili ambayo haikuchapwa. Ameiandika kwa mkono katika kila nakala, jioni baada ya jioni, kwa kasi yake ile ile, na kila nakala ameitia sahihi:

"Matej Dolezal aliacha pesa zake kwa sababu mimi nilimwambia aziache. Nilimwambia lile nisilolijua. Bohumil Kratina."

Wino ni mbichi katika baadhi ya nakala, kwa hiyo tafadhali msizishike kwa vidole vyenye mafuta ya bata wa karamu. Nakala ya kwanza aliipeleka mwenyewe kwa Matej Jumapili, kwa miguu. Binti wa Matej aliipokea mlangoni. Hakukaribishwa ndani, naye hakutarajia. Mpaka naandika haya hatujapata jibu. Mistari ile haina dhamana Washington na hairudishi hata eka moja. Hilo analijua kuliko sisi sote.

Bwana Kratina, tunakushukuru kwa miaka yote, kwa uvumilivu wako, na kwa jina lako ulilotuazima tukalipitisha mkono kwa mkono mpaka likachakaa. Nitakukosa kila nitakapogeuka kuuliza jambo na kukuta kiti kitupu. Tunakutakia afya njema, usingizi wa mchana, na shemeji.

Emilie Sykora
Dirisha la pili