Mama Ritha na Matofali ya Wiki Nne

Tarehe 30 Juni 2025, Bi. Paskazia Magesa, fundi sanifu mkuu wa shirika letu, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Wengi tunamwita Mama Ritha. Nimeombwa kuandika wasifu wake katika jarida letu kwa sababu hakuna aliyebaki hapa ambaye amefanya kazi chini yake muda mrefu kama mimi.

Alianza mwaka 1996 ofisi ya Shinyanga, fundi mwashi mwanamke peke yake. Wakati huo nyumba za ruzuku tulizijenga kwa matofali ya kuchoma, na kila tanuru liliteketeza miti ya kijiji. Mama Ritha akauliza kwenye kikao: mbona tunawapa watu nyumba huku tunawamalizia kuni? Akaomba mafunzo, akarudi na mashine ya mkono inayoshindilia udongo na saruji kidogo, ikitoa matofali yanayofungamana yenyewe bila saruji ya kuungia. Tanuru halikuhitajika tena.

Kila kijiji kina udongo wake, kwa hiyo alisafiri na sampuli kwenye chupa. Siku moja askari walimsimamisha Katoro, mji wa wachimba dhahabu, wakidhani amebeba mchanga wa dhahabu.

“Mama, dhahabu umeitoa wapi?”

“Hii ni nyumba, afande. Bado haijasimama tu.”

Walimshikilia hadi saa kumi jioni. Alipoachiwa alikuwa amewafundisha kupima udongo kwa kuutikisa majini.

Awamu ya kwanza ya mradi wetu wa Segese, nyumba thelathini na mbili, ni kazi yake tangu msingi hadi bati. Familia zilichangia mchanga, maji na nguvu zao. Ruzuku ikalipia mengine. Sharti lake lilikuwa moja: matofali yakae kivulini wiki nne, chini ya magunia yaliyoloweshwa. Vibarua walipolalamika kwamba yameshakauka, aliwajibu, “Yamekauka, hayajakomaa.” Nendeni mkazitazame nyumba zile. Hazina ufa.

Mwaka 2021 ikaja awamu ya pili, nyumba kumi na nane. Siku ya uzinduzi ilikuwa imeshapangwa na wageni wamealikwa. Mkuu wa mradi wa wakati huo, Bwana Januari, akaagiza saruji ipunguzwe nusu na matofali yajengewe siku ya nne. Mama Ritha aliwekewa mezani fomu za ukaguzi, moja kwa kila nyumba. Akazirudisha.

“Bosi, shikamoo yako nakupa, lakini hapa sisaini. Kuna watu watalala humu.”

Wiki haikuisha, akahamishiwa stoo ya Geita kuhesabu makoleo na toroli. Fomu zikapelekwa kwa msaidizi wake, aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja na hofu ya kuupoteza. Msaidizi huyo ni mimi. Nilisaini zote kumi na nane kabla ya chakula cha mchana.

Machi 2023, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Asubuhi ya nne Bi. Agnetha, Mama Kudra, wa nyumba mojawapo ya awamu ya pili, alikuwa anawasha jiko ukuta ulipomwangukia. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Hadi leo anatembelea fimbo. Ripoti ya ofisi ikasema matofali ya udongo hayafai kwa mvua za kanda hii. Kuhusu siku nne haikusema lolote. Mradi ukafungwa, na familia zilizokuwa zikingoja zamu zikarudi kwenye tanuru.

Mama Ritha aliisoma ripoti hiyo stoo, akiwa amesimama. Alisema tu, “Hata udongo wameusingizia.”

Kisha akachukua likizo aliyokuwa ameilimbikiza, akaenda Segese, akafyatua matofali kwa ile mashine ya mkono pamoja na majirani wa Mama Kudra, akasubiri wiki nne, akaujenga upya ukuta ule na kuziimarisha kuta nyingine. Nyumba imeshavuka misimu miwili ya mvua.

Wiki iliyopita nilimfuata kumwomba msamaha. Hakuacha kufunga maboksi yake.

“Herman, mimi sikuvunjika mguu. Nenda kwa mwenye mguu.”

Nikaenda. Mama Kudra alinikaribisha kiti, akanipa maji, akanisikiliza hadi mwisho. Hakunitukana, nami nilitamani anitukane. Aliuliza swali moja: “Na wenzangu kumi na saba waliobaki, umeshawaambia?”

Sikuwa nimewaambia. Nimeanza jana, mlango kwa mlango, na ninaandika hapa ili pasiwe na mkuu wa kusema hakujua: nyumba kumi na saba za awamu ya pili, Segese, zimejengwa kwa matofali ya siku nne na saruji nusu. Zina watu ndani. Saini ni yangu, Herman Masele.

Mama Ritha ameliandikia shirika barua. Anaomba, akiwa mstaafu na bila malipo, aazimwe ile mashine ya mkono ambayo sasa imefungiwa stoo, azikague nyumba hizo na kuzirekebisha moja moja kabla ya mvua za Novemba. Mpaka jarida hili linapelekwa kuchapwa, barua yake ilikuwa haijajibiwa.

Tunakushukuru, Mama Ritha, kwa nyumba thelathini na mbili na kwa saini moja uliyotunyima. Uwe na afya tele, upumzike miongoni mwa wanao na wajukuu. Wakuu wakikujibu, mimi niko tayari kuchekecha udongo.