Simu Mia Mbili na Kumi na Nne za Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi mkuu wa utafiti katika kitengo chetu cha magonjwa ya moyo na maambukizi atakabidhi funguo tatu na kustaafu, baada ya kuitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Idara ya utumishi inasema ni miezi mitatu. Ameipelekea nakala ya barua yake ya ajira, na tunaamini suala hilo litakwisha kabla ya Ijumaa.

Jina lake liko kwenye faili. Sisi tunamwita Shangazi, kwa sababu huuliza maswali kama dada ya baba: hana haraka, haoni haya, na jibu la kwanza halimtoshi. Kuna wakati jibu la kwanza lilimtosha, na tutafika hapo.

Alianzia wodi ya wanaume, ghorofa ya pili, penye vitanda ishirini na vinane na kipimajoto kimoja kilichosema kweli. Mwaka wa saba akahamia utafiti, wakati kitengo kilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, friza moja na dirisha lisilofungika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa chupa za damu. Mgonjwa mwenye homa akidhaniwa ana vijidudu ndani ya damu, damu yake hupelekwa maabara ili vijidudu hivyo vioteshwe na kujulikana. Siku hizo, chupa kumi na moja katika kila mia ziliotesha vijidudu vya mkono wa daktari, na mgonjwa akatibiwa maradhi ya mkono huo. Shangazi alisimama kando ya kitanda na saa yake, akihesabu sekunde za kusafisha ngozi. Mwaka ulipokwisha, chupa chafu zilikuwa tatu katika mia.

Katika kampeni hiyo alimrudisha kwenye beseni daktari mmoja aliyekuwa mafunzoni mara nne kwa asubuhi moja. "Huo mkono umetoka wapi, Daktari?" alimuuliza. Daktari akasema umetoka mfukoni. "Basi sasa uende kwenye sabuni." Daktari huyo ndiye leo Profesa wetu, bingwa wa moyo na mkuu wa kitengo. Yeye anakumbuka kuwa zilikuwa mara tatu. Rejista inasema nne.

Lakini mtu hakumbukwi kwa sabuni peke yake. Miaka minane iliyopita tulimaliza utafiti wa vali. Moyo una vali, milango midogo inayozuia damu isirudi ilikotoka. Vijidudu vikiweka makao hapo, mgonjwa hudungwa dawa ya mshipa kwa wiki sita, amelala hospitalini akihesabu vigae vya dari. Profesa aliuliza swali zuri: je, aliyepata nafuu anaweza kudungwa wiki mbili tu, kisha akaenda nyumbani na vidonge vya wiki nne? Wagonjwa mia mbili na kumi na wanne walikubali kushiriki, wakagawanywa nusu kwa nusu kwa kura. Siku ya tisini, Shangazi alipiga simu nyumbani kwa kila mmoja kuuliza kama yu hai na kama ugonjwa umerudi.

Fomu ya simu aliitunga mwenyewe. Ilikuwa na visanduku vitano. Simu ya ofisi ilikuwa moja kwa tafiti tatu, kwa hiyo alijiwekea dakika mbili, akizipima kwa saa ya mchanga iliyotupwa na maabara. Alijivunia kasi yake, nasi tulimsifu. Hesabu ikatoka: waliofariki au kurudiwa na ugonjwa walikuwa kumi na watatu upande wa sindano, kumi na wawili upande wa vidonge. Tukapeana mikono. Profesa akachapisha bango la mkutano, refu kuliko yeye. Wodi nayo, ambayo haikuwa na vitanda vya kungojea majarida, ikaanza kuwaruhusu wagonjwa wa vali siku ya kumi na nne.

Jumatatu moja, kwenye foleni ya dirisha la dawa, Shangazi alikutana na mke wa mwashi mmoja aliyekuwa katika utafiti, upande wa vidonge.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Njema tu, Shangazi."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na mzee?"

"Tunashukuru Mungu. Tulimzika mwezi wa pili."

Kwenye fomu, kwa mwandiko wa Shangazi, mwashi alikuwa hai mwezi wa tatu. Anaendelea vizuri. Muda wa simu: dakika mbili kamili.

Hakuna aliyedanganya. Kila msomaji wa jarida hili la hospitali amelelewa hivyo: habari huwa njema kwanza, hata paa likiwa linaungua, na msiba hungoja zamu yake. Mwulizaji hukaa, huuliza tena, hunyamaza, mpaka neno "ila" lijitokeze lenyewe. Shangazi aliyajua hayo tangu yuko mgongoni kwa mama yake. Alikata simu kabla ya "ila" kwa sababu mchanga ulikuwa umekwisha.

Hakuwa na mtu wa kumsingizia, kwa hiyo alijishtaki. Aliandika barua ya kurasa mbili dhidi ya muuguzi mkuu wa utafiti, kwa kosa la uzembe, akaisaini kama mlalamikaji, kisha akaipokea kama mlalamikiwa na kuigonga muhuri. Ndipo alipokwenda kwa Profesa kuomba kupiga simu zote upya.

"Zote?" Profesa akauliza.

"Zote."

"Hata tuliowaandika wamekufa?"

"Hata hao. Kama tumekosea huku, nani kasema hatukukosea kule?"

"Shangazi, bango limeshachapishwa."

"Nimeliona. Rangi zake nzuri."

Alihamia stoo ya glavu, akakalia boksi, akaanza na namba ya kwanza. Safari hii alisalimia, akajibiwa njema, akanyamaza. Aliuliza habari za jirani. Aliuliza habari za mvua. Mwisho alisema, "Naomba nimsikie mwenyewe." Wengi walikuja, wakakohoa kwenye simu, wakauliza kama kuna tatizo. Mgonjwa mmoja hakuweza kuja kwa kuwa alikuwa juu ya paa akipigilia misumari. Fomu haikuwa na kisanduku cha paa, akakichora. Mama mkwe wa mwingine alieleza habari za goti lake kwa dakika hamsini na moja, na ya hamsini na mbili ikatoka "ila". Mjane mmoja, baada ya kueleza yote, alimshukuru Shangazi kwa kuwa wa kwanza kuuliza habari za marehemu na kungoja jibu. Siku hiyo Shangazi alitoka stoo mapema, akasema vumbi la glavu limemwingia machoni. Glavu zetu hazina vumbi tangu tulipobadilisha aina.

Alipofika simu ya mia moja na thelathini na moja, alikuwa amepata sita walioandikwa wazima kwa makosa: wanne wamezikwa, wawili wamelazwa hospitali nyingine. Watano kati yao walikuwa na vali bandia, zile za kutengenezwa, na wote watano walikuwa upande wa vidonge. Wakati huohuo, katika kitanda cha sita cha wodi alikuwamo fundi cherehani mwenye vali bandia. Homa yake ilikuwa imeshuka. Alhamisi ingekuwa siku yake ya kumi na nne, na begi lake lilikuwa limeshafungwa zipu.

Muuguzi wa utafiti hana mamlaka ya kumzuia mgonjwa wa wodi. Alirudi kwa Profesa Jumatano, saa ya chai.

"Simu mia moja na thelathini na moja si utafiti," alisema Profesa. "Nusu ya utafiti ni umbea."

"Ni umbea, Profesa. Ila una makaburi manne."

Profesa alilitazama bango lake lililosimama kona ndani ya mrija wa kadibodi. Kusaini amri ya kumzuia fundi maana yake ilikuwa kukiri, mbele ya wodi nzima, kwamba alichotangaza hakikuwa kweli. Kisha akachukua faili la fundi, akaandika wiki nne zaidi za sindano, na kuongeza kwa maneno yake mwenyewe kwamba hakuna mwenye vali bandia atakayeruhusiwa mapema mpaka simu ya mwisho.

Fundi alipoambiwa, wodi ya jirani ilijua.

"Shangazi, sare za shule nzima zinaningoja! Mimi si kipande cha kujaribia mkasi!"

"Najua, Fundi."

"Nimepona! Niguse hapa, kuna joto?"

"Fundi, nguo ikikosewa hufumuliwa. Wewe ukikosewa, nikufumue wapi?"

Hakumsemesha tena kwa siku tano. Siku ya kumi na tisa, saa sita mchana, sahani ya chakula ikiwa magotini, alianza kutetemeka. Joto lilifika thelathini na tisa nukta sita. Damu ikachukuliwa, kwa mikono safi, na vijidudu vilevile vikaota. Dawa ilibadilishwa saa hiyohiyo, mshipa ukiwa wazi na daktari akiwa hatua kumi kutoka kitandani. Nyumbani kwa fundi ni mwendo wa nusu siku. Alitoka hospitalini wiki ya tisa kwa miguu yake, akiwa na begi lilelile.

Simu zilipokwisha, hesabu mpya ilikuwa kumi na wanne upande wa sindano na ishirini upande wa vidonge. Kati ya wanane walioongezeka upande huo, saba walikuwa na vali bandia. Kwa hiyo mwenye vali yake ya kuzaliwa, akipata nafuu, huenda nyumbani na vidonge. Mwenye ya bandia hubaki. Ripoti ilichelewa miezi kumi na minne. Ina aya nzima inayoeleza kosa, na cheo cha aliyelitenda, kwa sababu aliyelitenda alikataa kuiondoa. Nyuma ya bango tuliandika ratiba za zamu hadi lilipochakaa. Fomu ya simu sasa ina kurasa tatu, na mstari wake wa kwanza ni agizo: Baada ya salamu, subiri.

Wauguzi kumi na saba wamefunzwa kusubiri na Shangazi. Wanasema ni somo gumu kuliko sindano. Mume wake, mpima ardhi mstaafu, ameomba ofisi isimpe Shangazi fomu yoyote tupu ya kwenda nayo nyumbani. Ombi limekubaliwa, ingawa tumechelewa.

Tulitaka fundi cherehani awepo kwenye sherehe. Wiki iliyopita alikuja kupimwa moyo, kama afanyavyo kila mwaka, tukampa mwaliko hapo kwenye korido. Aliukataa mbele ya foleni nzima. Anashikilia kuwa aliingia wodini mzima, kwamba homa ile aliipata humu humu kwa kuzuiliwa, na kwamba shule ile haijampa kazi tena tangu mwaka ule, na wa kulaumiwa ni mmoja. Aligomba kuanzia mlango wa maabara hadi ngazi, akazipanda zote huku akigomba, hakusimama hata mara moja. Tulipompelekea Shangazi habari hizo, hakuuliza alichosema. Aliuliza kama fundi alihema kwenye ngazi. Hakuhema.

Shangazi, kwa miaka yote hiyo, na kwa miezi minne, asante. Nenda ukapumzike, uwe na afya, na siku zako ziwe nyingi na zisizo na haraka.