Difu Chini ya Miguu ya Fundi Msabah

Asubuhi ya Jumanne waliokuwepo barazani, mtaa wa Ng'ambo, ni hawa: Ahmada Mjaka, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki, Yussuf Makungu, aitwaye Nahodha, ambaye hajapata kuendesha hata baiskeli, Matar Amour, mwenye pikapu, na Msabah Khatib, waliyemwita Fundi. Huyu wa mwisho alikuwa karani wa stoo katika karakana moja kwa miaka thelathini na miwili. Alijua namba ya kila spea. Spana hakupata kuishika, wala hakupata kuwaambia wenzake hilo. Chini ya miguu yake, ndani ya gunia, ilikuwamo difu ya nyuma ya pikapu ya Matar, yale meno yanayogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili. Pikapu ilikwama mchangani siku moja, watu wakacheka, na baraza likaamua ifungwe difu mpya. Ile ya zamani ikafunguliwa ili Fundi aitazame kwanza. Leo ilikuwa siku ya tisa.

— Fundi, tupe neno — alisema Matar. — Gari iko juu ya mawe. Nifunge ya loki, au ile inayojibana yenyewe?

— Loki! — Redio akadakia. — Unabonya kitufe, matairi mawili yanazunguka sawa. Mchanga wa Kiwengwa utaukanyaga kama zulia.

— Na ukisahau kuifungua ukaingia lami? — Nahodha akauliza. — Kona haikati ng'o. Mafahali wawili hawakai zizi moja! Bora inayojibana: tairi moja likiteleza, nguvu inamwendea mwenzake polepole. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini, we!

— Nnamjua mtu alosahau loki — Nahodha akaendelea. — Katoka Darajani, kila kona gari inagoma, ikenda nyoofu mpaka Forodhani, ikasimama kwa muuza pweza.

— Mwongo!

— Na pweza akala kabisa.

— Basi mie nnamjua wa Nungwi, kwa loki alipanda mnazi na pikapu yake, akaangua madafu, akashuka.

Wakacheka. Matar hakucheka.

— Namuuliza Fundi, jamani. Bi Wanu keshakosa mara mbili.

Bi Wanu Makame wa Kiwengwa alikuwa akiletwa hospitali mjini mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Njia ya kwake ni mchanga mtupu, na gari iliyokuwa ikifika mlangoni ni ya Matar peke yake. Alhamisi wajukuu walimpakia bodaboda, wakarudi naye nusu ya njia. Jana hakuweza hata kukaa kitako.

Msabah alikiinua kikombe chake. Neno lenyewe lilikuwa fupi: sijui. Lilimfika ncha ya ulimi, akalimeza pamoja na kahawa.

— Subira, Matar. Difu hizi hutofautiana meno. Nataka niitazame tena.

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame — alisema Redio. — Ndo maana mafundi hulala chini ya gari. Mwacheni mzee.

Wakamwacha, kama walivyomwacha siku nane, kwani mdogo hafungi difu kabla mkubwa hajasema. Heshima ile ilimuuma Msabah kuliko tusi.

Hapo akatokea Mudrik, mjukuu wa Bi Wanu, viatu vimejaa vumbi.

— Asalaam alaykum. Shikamooni.

— Marahaba.

Akalitazama gunia.

— Ndo hii? Ilikuwa na ubaya gani?

Nahodha alimtazama Redio. Redio akatazama kikombe chake.

— Ilikwama siku moja tu — alisema Matar. — Tukasukuma, ikatoka.

— Kwa hivyo ilikuwa nzima?

Msabah aliondoa miguu yake juu ya gunia, mmoja, kisha wa pili.

— Mie si fundi — alisema.

Wote walisikia, na wote wakajifanya hawakusikia.

— Mimi nimeleta taarifa tu — alisema Mudrik.

Bi Wanu Makame alifariki alfajiri ile. Maziko yalikuwa saa saba, Kiwengwa.