Ukuta wa Mwalimu Ramani

Wapendwa waombolezaji, ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, familia imemtuma mdogo wa mwisho wa marehemu, fundi rangi, awasomee maisha ya kaka yake, naye anaomba mumvumilie, maana mkono wake umezoea brashi kuliko karatasi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mwalimu Ramani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya watano wa baba aliyekuwa mlinzi wa ghala la nafaka na mama muuza maziwa, na aliyempokea duniani ni shangazi, kwa sababu mkunga alisema anakuja na hakuja, jambo ambalo mama alilikumbusha kila aliposikia mtu akiahidi kitu cha kesho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akaingia sekondari Januari 1983, akawa wa pili au wa tatu kila muhula, na ndoto yake ilikuwa moja tu, kuwa mpima ardhi. Walipofika kidato cha tatu na kugawanywa kwa masomo, darasa la Fizikia lilikuwa limejaa, viti vimekwisha, akaambiwa aende Kilimo kwa kuwa huko kuna pa kukaa, naye akaenda, wala hakutokea mtu wa kumweleza kwamba chuo cha upimaji hakimpokei asiye na Fizikia, hata awe na akili za kuazimisha wenzake. Barua ya kukataliwa aliipata tarehe 3 Mei 1987, akaikunja, akaichomeka kwenye kava la kamusi yake, na imo humo mpaka leo.

Alisomea ualimu kuanzia 1988 hadi 1990, akaajiriwa tarehe 1 Julai mwaka huohuo kufundisha Jiografia na Hisabati, na mwaka 1997 akahamishiwa sekondari iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako hakutoka tena. Tarehe 12 Desemba 1996 alikuwa amefunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea suruali, akairudisha mara tatu akidai mguu mmoja ni mrefu, mpaka yule dada akatambua kwamba suruali haina neno, mwenye neno ni mteja. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume, ambaye ni fundi umeme, na wa kike, aliyezaliwa tarehe 8 Februari 2001, ambaye tangu anatambaa alikuwa akifunga vitambaa vya mama yake kwenye miguu ya viti na kuviambia vitapona.

Mwaka 2005 marehemu alipewa kazi ya mwalimu wa taaluma, akakuta wanafunzi wanachagua masomo kwa kufuata marafiki au kwa kumkimbia mwalimu mkali, na kidonda chake cha zamani kikamuuma. Ndipo Januari 2009 alipomwita mdogo wake, fundi rangi, wakauchora ukuta mzima wa korido kwa rangi nyeusi ya mafuta, chuo kwa chuo, kozi kwa kozi, na masomo ambayo kila kozi inayataka, herufi za ukubwa wa kidole gumba, ili asije mtu akafuta kwa kiganja. Wanafunzi wakauita Ramani, na jina likamhamia mwenyewe, naye alilipenda, ingawa alijifanya halimhusu.

Tarehe 6 Septemba 2015 ilifika barua kwamba vyuo vya uuguzi havitapokea tena mwanafunzi asiye na Kemia, wakati ukuta ulisema Kemia au Jiografia, kwa hiyo yalitakiwa kufutwa maneno mawili tu, yale ya “au Jiografia”, na kazi imekwisha. Karatasi ya familia inasema hapa kwamba ukuta haukurekebishwa kwa wakati kwa sababu fundi hakupatikana. Marehemu hakutaka kuharibu kazi ya mdogo wake kwa mwandiko wake wa kukanyagana, akabandika karatasi ya tangazo pembeni kwa pini nne, kisha akaitwa kwenda kusahihisha mitihani mji mwingine, mvua za upepo zikaja, karatasi ikaanguka, ikafagiwa. Tarehe 27 Novemba wanafunzi wa kidato cha pili walisimama koridoni na daftari zao, wakachagua masomo kwa kuuangalia ukuta, na ishirini na wawili kati yao, waliotaka uuguzi, wakaiacha Kemia, binti wa marehemu akiwemo.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, sasa hapa ukuta ulikuwepo tayari, ila hakuna aliyeukagua, hata marehemu aliporudi alidhani tangazo lake limesomwa, mpaka matokeo yalipotoka mwaka 2018, mazuri, ya kujivunia, na wote ishirini na wawili wakakataliwa. Mkuu wa shule aliamuru ukuta upakwe chokaa, lakini rangi ya mafuta haifichwi na chokaa, ukipita koridoni leo unazisoma herufi zote chini yake. Marehemu alisimama mbele ya wazazi akasema kosa ni lake peke yake, kisha, akiwa na miaka hamsini, akajifunza Kemia upya kwenye vitabu na kuwafundisha kila Jumamosi kati ya vyerehani vya mkewe, wakaanza ishirini na wawili, wakabaki tisa, wengine wameolewa, wengine wamepata vibarua, wengine wamechoka tu. Kati ya hao tisa waliofanya mtihani walifaulu wawili, na binti yake alifeli, akarudia, akafeli tena, akamwambia baba yake waache, na marehemu akaviweka vitabu juu ya kabati, hakuvishusha tena.

Tarehe 9 Mei 2023 alipatwa na kiharusi, akalazwa, na binti huyo ndiye aliyemuogesha, kumgeuza na kumlisha kwa wiki sita, kwa mikono ya kujua, hata muuguzi wa zamu akamuuliza amesomea chuo gani. Binti akaendelea kunyoosha shuka, na marehemu, ambaye tulidhani amelala, akageuzia uso ukutani. Alifariki tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, majirani waliotuletea maji na mikeka, walimu wenzake waliogawana vipindi vyake bila kunung'unika, na wanafunzi wake, wakiwemo wale ishirini na wawili, ambao baadhi yao fundi rangi anawaona hapo nyuma.

Karatasi ya familia inaishia hapo, lakini ina uongo mmoja, na aliyeusoma hawezi kumfukia kaka yake nao. Fundi alipatikana. Alipigiwa simu mara tatu, mara ya kwanza akasema ana kazi ya duka la watu, mara ya pili akasema brashi ndogo ameiazimisha, mara ya tatu akacheka, akamwambia kaka yake kwamba maneno mawili hayajawahi kuua mtu, na kaka yake akacheka naye. Siku ile marehemu alipolibeba kosa peke yake mbele ya wazazi, fundi rangi alikuwa amekaa safu ya tatu, akanyamaza, akanyamaza miaka mitano, hata wodini alikaa pembeni ya kitanda akiongea habari za mvua, na marehemu hakumtaja kwa mtu yeyote, si kwa mkewe, si kwa binti yake, ambaye ameyasikia sasa hivi pamoja nanyi.

Pumzika, kaka, kwa amani ambayo mdogo wako alikunyima.