Jibu la Kudumu

Mzee Sitati, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, hakukusudia kusoma simu ya jirani yake kwenye gari la Njoro. Macho yalijiendea tu. Msichana huyo, Chepchumba, alikuwa ameandika: "Kiplimo, sitaolewa na wewe. Hilo ni jibu la kudumu."

"Hapo umekosea, mama," Sitati akamwambia. "Kudumu ni kukaa muda mrefu tu. Andika lisilobadilika."

"Mzee, unasoma simu yangu?"

"Nasoma kosa."

"Kudumu ni forever. Kazi ya kudumu si ni forever?"

"Mimi nilikuwa nayo, na ona, nimestaafu. Tena mke wangu alinikataa kwa jibu la kudumu. Sasa tuna watoto watano."

Abiria wa nyuma wakaangua kicheko. Chepchumba hakucheka.

"Kwa hivyo la kudumu linaweza kubadilika?" akauliza polepole.

"Linaweza! Ndiyo maana nakwambia ulitoe."

"Na lisilobadilika?"

"Hilo, kamwe."

Gari likasimama Njoro. Chepchumba aliitazama simu, akaliacha neno lake vile lilivyokuwa, akatuma, akashuka.

Sitati akatoa kichwa dirishani. "Lakini bado ni kosa!"